Kadi ya Kumwazima Tumpe

Usiku wa kuamkia leo niliota kitabu kimenipigia simu kuniita kazini.

Sikushangaa. Katika ndoto ile ilikuwa saa nane mchana, nimekaa jikoni kwangu namenya viazi, na simu ilipoita nilijua tu kwamba ni kitabu, maana kilianza kwa kukohoa vumbi.

"Bi Subilaga?" kikauliza.

"Ndiye."

"Naongea kutoka mezani kwako. Utafiti wa Biashara, toleo la pili, jalada gumu. Tunaomba ufike mara moja. Kuna mtu anaondolewa."

"Mtu au kitabu?"

"Njoo na kalamu," kikasema, kikakata simu.

Kabla sijaendelea niseme mambo yalivyo nikiwa macho, maana ndoto hazina adabu ya kutambulisha watu.

Mimi ni mkutubi. Huu ni mwaka wa kumi na tisa naangalia Maktaba ya Walimu Wastaafu, chumba kimoja kirefu chenye paa la bati, huku kwetu Tukuyu. Mwezi uliopita kamati iliamua nusu ya chumba iwe ya kompyuta, kwa hiyo kitabu chochote ambacho hakijaazimwa kwa miaka kumi kigongwe muhuri wa KIMEONDOLEWA na kitoke. Sikubishana. Mimi ni mtu wa kanuni, na wanaonifahamu watakuambia hivyo kabla hata hawajakuambia jina langu.

Jana jioni nilibakiwa na vinne mezani. Kimoja ni hicho cha utafiti wa biashara, kinene kama tofali. Kingine ni cha sayansi, kinaeleza jinsi vitu vinavyovutana, mawe, mwezi, bahari na kila kitu. Cha tatu ni cha katuni, Kapteni Mvua, sehemu ya tatu. Cha nne si kitabu hasa. Ni daftari la mama yangu, aliloandika kwa mkono wake mifumo ya kroshia: vitambaa vya makochi, kofia, shali za watoto. Nililipeleka maktaba wiki mbili baada ya kumzika. Nililifunika kwa nailoni, nikalipa namba, nikabandika na ile karatasi yetu nyekundu: HAKITOLEWI NJE.

Baadaye mdogo wangu Tumpe akaja kuliomba. Yeye ndiye aliyefundishwa na mama kufuma. Vidole vyangu mimi ni vya kufungulia kurasa tu. Nikamwambia kama ninavyomwambia kila mtu: "Hili halitolewi nje. Kaa usome hapa." Akakaa kidogo, akaondoka, na tangu siku ile hatujasemezana. Leo imetimia miaka kumi. Jana nilinyanyua muhuri mara tatu juu ya daftari lile, mkono ukagoma. Nikafunga ofisi, nikaenda kulala na hasira zangu.

Basi, turudi ndotoni.

Nafungua mlango wa jikoni na niko maktaba. Kisu cha viazi bado ninacho mkononi. Kanuni zetu zinakataza vitu vyenye ncha kali, kwa hiyo najiandikia barua ya onyo, naitia sahihi, najikabidhi. Naahidi kutorudia.

Muhuri umesimama katikati ya meza kwa mguu wake mmoja. Una miaka sita tu, kwa hiyo unaniamkia.

"Shikamoo, Bi Subilaga."

"Marahaba. Nani anaondolewa?"

"Tumpe," unasema muhuri. "Saa kumi kamili. Hajaazimwa miaka kumi."

"Tumpe si kitabu."

"Tangazo halikusema kitabu. Hebu lisome mwenyewe."

Nasoma tangazo ukutani. Limeandikwa "chochote" tu, bila neno kitabu, na mwandiko ni wangu.

"Lakini Tumpe ana mume," nasema. "Tumpe mwenyewe yuko Songea, anafundisha shule ya msingi. Kila siku watu wanaongea naye."

"Hao wana maktaba zao. Kwenye maktaba ya mumewe hajakaa rafuni hata siku moja. Hii ni ya kwako."

"Na ukimgonga inakuwaje?"

Muhuri hauna maneno mengi. Unaruka chini, unakwenda mpaka kwenye ndoo ya kudekia, unaigonga ubavuni. Ndoo inatoweka. Pale ilipokuwa panabaki sakafu kavu, na mimi nasimama nikijaribu kukumbuka watu hudeki vipi, huanza na nini, na kwa sababu gani. Sikumbuki chochote.

"Yeye haumii," unasema muhuri, kwa upole. "Ataendelea na maisha yake Songea. Wewe ndiye utakayebaki na sakafu kavu."

Hapo nikaogopa. Miaka yote hiyo nilijua kwamba angalau ile hasira juu ya Tumpe ninayo, imekaa mahali pake, naweza kuigusa nikitaka. Kumbe hata hiyo ingeondoka, na kumbukumbu zote za mdogo wangu pamoja nayo, tangu alipokuwa anatambaa.

"Naweza kumwazima?" nauliza.

"Mwanachama yeyote anaweza. Umpate rafuni mwenyewe, ujaze kadi, umtoe kabla ya saa kumi. Mimi sionyeshi rafu. Kazi yangu ni kugonga."

Saa ya ukutani inaonyesha saa nane na nusu. Nageuka nikimbie, lakini Utafiti wa Biashara kimejiweka mlangoni mwa rafu, na kwa unene ule huwezi kukiruka.

"Unakwenda wapi?" kinauliza. "Tatizo la utafiti bado halijafafanuliwa."

"Tatizo ni kwamba mdogo wangu anaondolewa!"

"Hilo ni tokeo. Jaza dodoso. Swali la kwanza. Kwa kipimo cha moja hadi tano, moja ikiwa kidogo sana na tano ikiwa mno, unamkumbuka mdogo wako kiasi gani?"

"Mbili," nasema.

Kalamu inaandika tano. Naifuta. Inaandika tano tena, safari hii kwa kukandamiza.

"Kalamu haina upande," kinasema kitabu. "Tuendelee. Nadharia tete yako ni ipi?"

"Ndiyo nini hiyo?"

"Jambo unaloliamini kabla hujamuuliza mtu."

Hilo halikunipa shida. "Kwamba Tumpe ndiye aliyekosea. Angeweza kukaa pale pale akanakili alichotaka. Karatasi zilikuwepo. Penseli ningempa."

"Umewauliza waliokuwepo?"

"Tulikuwa wawili tu."

"Mlikuwa wanne," kinasema kitabu, na kinamwita shahidi wa kwanza.

Shahidi wa kwanza ni kiti cha wageni. Kinasogea mbele, kinajikohoza.

"Alinikalia dakika nne," kinasema kiti. "Mkoba ulikuwa magotini. Ndani mlikuwa na uzi wa bluu na shali ya mtoto ambayo mama yenu aliiacha nusu. Alisema ana mimba ya miezi mitano na hajui mama alikusudia kuimaliziaje."

"Hakusema!"

"Alisema. Ulikuwa unapanga kadi."

Natazama mikono yangu. Kweli, inapanga kadi hata sasa. Naiambia iache, inaacha.

Shahidi wa pili ni dirisha. Dirisha letu limepasuka kona moja, kwa hiyo linaongea kwa kithembe.

"Alipotoka hakuondoka," linasema dirisha. "Alisimama hapa barazani. Alikuwa anaangalia mlango, anasubiri ufunguke."

"Mimi sikumwona."

"Ulikuwa umenipa kisogo."

"Alisimama mpaka lini?"

"Mpaka mvua ilipokatika," linasema dirisha. "Na unajua mvua ya Tukuyu."

Najua mvua ya Tukuyu, haina haraka ya kukatika. Nakaa sakafuni.

"Nadharia tete imekataliwa," kinasema Utafiti wa Biashara. Hakifurahii. Nadhani ni kazi inayokifundisha kuongea hivyo. "Mapungufu ya utafiti huu ni kwamba umechelewa miaka kumi. Nashukuru kwa ushirikiano." Kinajifunga, kinasogea pembeni na kunipisha.

Nililia. Nilikuwa nimebeba kosa la mwenzangu miaka kumi, nalipangusa vumbi kila mwaka lisiharibike, na kumbe lilikuwa la kwangu. Niliona aibu mbele ya kiti.

"Subi," inaita sauti kutoka mezani. "Umekula?"

Ni daftari. Lina sauti ya mama, ile ile, kama anaongea huku ameshikilia uzi kwa meno.

"Nimekula, mama."

"Umekula nini?"

"Nilikuwa namenya viazi."

"Viazi vya kumenya havijawa chakula. Haya, nibebe twende."

Nalibeba kwapani. Linanukia mafuta ya mgando, kama mikono yake.

"Mama, Tumpe yuko rafu gani?"

"Mimi najua kufuma. Rafu ni mambo yako."

Kitabu cha sayansi, ambacho kilikuwa kimenyamaza muda wote, kinaomba kusema neno. Ni kitabu cha heshima, hakidakii maneno ya watu.

"Vua viatu," kinaniambia. "Unganisha miguu. Usijishikize popote. Kila kitu kinavuta kila kitu, wewe unajishikilia tu."

Navua viatu. Nasimama na soksi. Taratibu sana, kama gari lililotolewa breki mahali penye mteremko mdogo, naanza kuteleza kuelekea upande wa kusini.

"Songea iko kusini," nasema.

"Mimi sijui Songea. Najua uzito na umbali. Umbali ukizidi mara mbili, mvutano unabaki robo. Ukizidi mara tatu, inabaki sehemu moja ya tisa."

"Na watu wakiwa mbali kabisa?"

"Unapungua."

"Mpaka uishe?"

"Hauishi. Sifuri ya jambo hili nimeitafuta ukurasa kwa ukurasa, sijaiona." Kinafikiri kidogo. "Ila inabidi mtu avue viatu."

Nateleza. Rafu zinapita kulia na kushoto, halafu si rafu tena, ni mistari ya chai. Kilima kizima ni chai, na ndani ya kila mstari wamesimama watu waliofunikwa nailoni, na namba zao shingoni. Mwalimu wangu wa darasa la tatu yupo, anasahihisha madaftari. Mwanamume aliyewahi kuniposa naye yupo. Huyo nampita bila kumtazama. Hata muhuri una haki ya kupata kazi.

Mbele chai inakatika ghafla, kuna genge, bonde linaloshuka wima. Ukingoni pa genge ananing'inia mtu kwa mkono mmoja. Amevaa koti la mvua la njano, lakini kuanzia kiunoni kwenda chini hana rangi, ni mistari ya penseli.

"Samahani, mama," ananiita. "Wewe ni wa maktaba?"

"Ndiyo."

"Naitwa Kapteni Mvua. Sehemu ya nne imekuja?"

"Haikuja," namwambia. "Tuliletewa mpaka ya tatu."

"Nilihisi hivyo." Anabadilisha kidole kimoja. "Si kwamba nalalamika. Mkono unauma lakini nimezoea. Ila hicho kiputo ni chako?"

Nageuka. Nyuma yangu kuna kiputo cha maneno kama vile vya kwenye katuni, cheupe, kikubwa kuliko godoro la watu wawili, kina ukingo mweusi. Ndani yake kumeandikwa: HILI HALITOLEWI NJE. KAA USOME HAPA. Nadhani kilinifuata tangu mlangoni. Sasa kinanipita kwa juu, kinashuka mbele yangu na kuziba njia yote.

"Ni changu," nakiri.

"Pole. Huku kwetu neno likishasemwa linabaki hewani. Huwezi kulifuta. Linasukumwa tu, na neno kubwa zaidi, la mtu yule yule."

Namshukuru. Halafu siwezi kumwacha vile. Nachomoa penseli sikioni, nalala kifudifudi, namchorea jiwe chini ya miguu. Si jiwe zuri, mimi si mchoraji. Kapteni analijaribu kwa kidole gumba cha mguu. Anaweka mguu mmoja, kisha wa pili. Anaachia mkono.

"Miaka kumi na moja," anasema, akijisugua bega. Anakaa juu ya jiwe lake na kuanza kulia kwa viputo vidogo vidogo visivyo na maneno ndani.

Kwa mbali nyuma yangu nasikia ko, ko, ko. Ni muhuri unakuja kwa mguu wake mmoja. Kila unapokanyaga, mche wa chai unatoweka.

Nasukuma kiputo changu kwa bega. Hakisogei. Nachungulia pembeni yake, na hapo namwona.

Tumpe amesimama kwenye rafu ya juu kabisa. Nimemfunika nailoni kuanzia utosini hadi miguuni, pembe zimekunjwa vizuri, hakuna hata mkunjo mmoja wa hewa. Kifuani ana karatasi nyekundu: HAKITOLEWI NJE. Ana mvi mbili mbele ya kichwa. Sikuwepo zilipoota.

"Umenifunika vizuri," anasema. "Haliingii vumbi, haingii mtu."

"Nilitumia nailoni nzito," nasema, na papo hapo naona upumbavu wa jibu hilo.

"Nimeona."

"Habari za siku nyingi, Tumpe?"

Kutoka mdomoni mwangu kinatoka kiputo kidogo kama yai. Kinagonga kile kikubwa, kinapasuka.

"Hicho hakitoshi!" anapiga kelele Kapteni Mvua kutoka kwenye jiwe.

"Mambo ya zamani tuyaache," nasema. Kinatoka kimoja kama mto wa kulalia. Kinagonga, kinadunda, kinanirudia usoni.

"Dakika tatu, Bi Subilaga," unasema muhuri. Uko mstari wa pili kutoka nilipo.

"Mama, niseme nini?" nauliza daftari.

"Sema ulivyokuwa," linasema daftari. "Mtu akikosea mstari, anafumua mpaka pale alipokosea. Hafumui zaidi, hafumui pungufu."

Nikafumua mpaka pale.

"Tumpe," nikasema, "mama alipokufa sikujua niifanyie nini mikono yangu. Wewe ulikuwa na uzi wako. Mimi nilikuwa na gundi na namba. Nikafikiri kitu chenye namba hakipotei, hata nikikisahau mimi, rafu itakikumbuka. Nikampa mama namba. Nikamfungia. Ulipokuja kumchukua nikakuona kama mtu anayekuja kunizikia mama mara ya pili. Uliniambia una mimba, mimi napanga kadi. Ulisimama kwenye mvua, mimi nimekupa kisogo. Kosa ni langu, mdogo wangu. Nisamehe. Una mtoto wa miaka tisa na mimi sijui hata anaitwa nani."

Sikuona kiputo kilivyoanza. Nilihisi tu pumzi inaniisha, na kitu cheupe kinazidi kupanuka kati yangu na kile cha zamani. Kikasukuma. Kiputo changu cha miaka kumi kikarudi nyuma hatua moja, kikainuka, kikavuka mashamba ya chai na kwenda zake upande wa Mlima Rungwe, kikawa wingu la kawaida.

Tumpe alikuwa analia ndani ya nailoni. Ilikuwa imepata ukungu usoni.

Nikapanda rafu. Nikabandua ile karatasi nyekundu kwa kucha, na wacha nikuambie, ile gundi ambayo nimejisifia miaka yote ni gundi mbaya sana ukiwa na haraka. Ikatoka na vipande. Nikafungua nailoni. Akavuta pumzi ndefu, akapiga chafya mara mbili.

Nikampa daftari.

"Tumpe," likasema daftari, "umekula?"

"Nimekula ugali na maharage, mama."

"Afadhali wewe."

Muhuri unafika, unahema. "Kadi," unasema.

Najaza kadi juu ya goti. Kinachoazimwa: Tumpe. Mwazimaji: Subilaga, dada yake. Hali ya kitu wakati wa kutoka: hapo nasita, naandika nzuri, Tumpe anachungulia na kuniambia niongeze mgongo unasumbua kidogo. Naongeza.

Muhuri unajigeuza upande wa pili. Sikuwahi kujua kwamba una upande wa pili. Huko una tarehe.

"Siku kumi na nne," unasema, "kama kitu kingine chochote. Zikiisha, aandikishwe upya."

"Na asipotaka kurudi rafuni?"

"Aandikishwe upya," unasema muhuri. "Hakuna kanuni inayosema mara ngapi."

Unagonga kadi. Saa kumi inalia, kutoka wapi sijui, hatuna saa inayolia.

Tumpe anakanyaga bega langu ili ashuke, kama zamani tulipokuwa tukipanda kuchuma mapera ya jirani. Ni mzito. Bega linaniuma. Nilifurahi mno kwamba ni mzito, na katika kufurahi huko nikaamka.

Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mvua inanyesha juu ya bati. Bega halikuwa linauma, nililipapasa nikiwa na matumaini, lakini wapi.

Namba ya Tumpe nilikuwa nayo. Nimebadilisha simu mara nne na kila mara nimeihamisha, nikijiambia ni kwa ajili ya kumbukumbu. Nikapiga kabla sijapiga hata mswaki, maana nilijua nikichelewa nitapata sababu.

Iliita mara mbili.

"Ugonile, Tumpe?" nikasema. Ndivyo tunavyoamkiana kwetu asubuhi, kumuuliza mtu kama amelala salama.

Nikasikia sufuria inawekwa chini.

"Dada?"

"Ni mimi. Daftari la mama ni lako. Lilikuwa lako tangu siku ile. Nilikunyima mimi, kanuni ilikuwa kisingizio tu. Nisamehe, mdogo wangu."

Nilimsikia akivuta kamasi, nikajua kichwa amekiinamisha upande, anavyofanya tangu utotoni asionekane. Safari hii nilimsikiliza. Sikuwa na kadi za kupanga.

"Mtoto anaitwa nani?" nikauliza mwishowe.

"Lusajo. Yuko darasa la nne. Ana maneno mengi, huyo. Shali yake bado iko nusu. Watu walitaka kunimalizia, nikakataa."

"Nikuletee daftari Songea? Nitaomba ruhusa."

"Hapana, nakuja mimi. Shule zimefungwa. Nakuja na Lusajo, akuone." Akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu mwenye pua iliyoziba. "Tena usiniwekee ratiba. Nitakaa siku kumi na nne. Zikiisha, utaniandikisha upya."

Ndoto sikuwa nimemsimulia, na Tumpe hajawahi kuwa mwanachama wa maktaba yoyote. Nikataka kumuuliza maneno hayo kayatoa wapi, nikaona nitamkatisha. Nikamwambia nitamwandikisha upya, na hizo nazo zikiisha, nitamwandikisha tena.